Fulcran Aliyengoja Mwezi Uzeeke

Fulcran Rouzaud alikuwa mtu wa kichwa kigumu, na hilo hata yeye mwenyewe alilisema kwa kujisifu. Ukimwambia njia hii ina matope, atapita hapohapo, halafu aje kukuonyesha viatu. Mkewe, Josiane, alikuwa akisema siku ya harusi alidhani anaolewa na mwanamume, kumbe amekabidhiwa punda aliyevaa kofia. Akisema hivyo Fulcran anacheka, anaivua kofia, anaipangusa, anaivaa tena.

Alizaliwa kijijini Castelrenc, kule juu ya mji wa Limoux, na hakuwahi kuhama. Aliondoka mara moja tu, ujanani, alipopelekwa jeshini kaskazini. Alirudi akisema huko watu wanakunywa bia kimyakimya kama wako matangani. Tangu hapo akashika mkasi wa kupogolea mizabibu, na mkasi ukamshika yeye. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, na vidole viwili havikunyooka tena.

Shamba lake lilikuwa moja, mteremkoni, udongo mweupe uliojaa mawe. Mizabibu yenyewe ilipandwa na babu yake, na yote ilikuwa ya aina ya mauzac, zabibu za kwao, zinazotoa divai yenye harufu ya tufaha lililokaa sana kwenye kikapu. Hizo ndizo zilizotengeneza blanquette, divai ya mapovu ambayo watu wa Limoux watakuapia kwamba watawa wa kwao waliigundua Champagne bado wamelala. Usibishane nao. Watakupandisha mpaka kwenye nyumba ya watawa.

Ila kuna blanquette na blanquette. Ushirika wa mjini ulikuwa na mashine, ukatia sukari na chachu ndani ya chupa, mapovu yakaja kwa amri kama askari. Fulcran alitengeneza ile ya kizamani. Unakamua zabibu, unaacha maji yake yaanze kuchacha pipani, halafu baridi inaingia na divai inalala kabla haijamaliza utamu wake. Machi, mwezi ukishaanza kuzeeka angani, unaitia chupani na huo utamu uliobaki. Joto likija inaamka humo ndani, inaula utamu, inaugeuza mapovu. Hakuna kilichoongezwa. Ni zabibu na baridi na subira.

Na kwa akina Rouzaud kulikuwa na sharti moja zaidi. Siku ya Mtakatifu Vincent, mlezi wa wakulima wa mizabibu, mwishoni mwa Januari, mwenye nyumba anaonja pipa mara ya mwisho, kisha anafunga mlango wa ghala. Hakuna mtu kuingia tena mpaka siku ya kutia chupani. Si kuonja, si kupima, si hata kufagia. Baba yake alisema anayelala haamshwi, na baba yake alilisikia kwa baba yake. Fulcran alipokuwa mdogo aliwahi kuchungulia, akapigwa kofi ambalo, kwa maneno yake, bado linalia.

Sasa tatizo lilikuwa soko. Watu walitaka crémant, divai ya mapovu ya zabibu za chardonnay, kwa sababu inafanana na Champagne na haiumizi mfuko, na waliokosa hata hiyo walikunywa ya Waitaliano na barafu na kipande cha chungwa. Blanquette ilibaki divai ya mabibi, ya Jumapili mchana na keki. Mabibi nao walikuwa wanakufa. Ushirika ukamwambia Fulcran kwa adabu kwamba mauzac yake haina pa kwenda, ang'oe, apande chardonnay. Apande na maji gani? Mvua ilikuwa imekuwa kama mgeni tajiri, inapiga simu kwamba inakuja, haiji. Majirani wengi wakachukua fidia ya serikali wakang'oa mizabibu. Ng'ambo ya bonde, mlima ulikuwa umebaki upara.

Kitu kilichomfanya asing'oe na yeye ni mwanamke mmoja wa Toulouse, Solange Peyrat, mwenye duka la divai. Alikuwa na wateja vijana, wale wa ndevu na baiskeli, wanaotaka vitu vya kizamani visivyotiwa chochote. Alipita Castelrenc kiangazi kimoja, akaonja, akafumba macho. Akasema mwakani atachukua yote, na kila mwaka baada ya hapo, mradi iwe hivihivi.

Fulcran alirudi jikoni akamwambia Josiane, na Josiane akakaa kwenye kiti bila kufuta mikono. Na Aymeric, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mapipa ya ushirika, akasema neno ambalo baba yake alikuwa amelingoja miaka. Akasema huyo mama akichukua kweli, yeye ataacha ushirika, aje ashike mizabibu. Asipochukua, basi, kuna ghala la mizigo karibu na Toulouse linatafuta watu, atakwenda huko na hatarudi kudanganyana.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mizabibu ya babu na mtoto wa kuirithi, vyote vilining'inia kwenye pipa moja.

Majira ya baridi hayakuja mwaka ule. Yalitangazwa tu. Milozi ikachanua Januari kama imelewa, na nyuki wakatoka wakazunguka wakishangaa. Siku ya Mtakatifu Vincent Fulcran aliingia ghalani amevaa shati tupu. Akaonja, utamu upo mwingi. Akafunga mlango, ufunguo akautundika kwenye msumari wake karibu na jiko.

Aymeric akamwambia mapema, uso kwa uso, wakiwa wanapogoa. Alimwambia bila baridi divai hailali, kwamba kule ushirika wanapoza mapipa kwa mashine, na kama baba hataki mashine basi angalau watie chupani Februari. Fulcran akapogoa mpaka mwisho wa mstari. Akasema mwezi utazeeka mwishoni mwa Machi mwaka huu, na wao watatia chupani mwishoni mwa Machi, na mada imekwisha. Aymeric akasema mwezi hauna kipimajoto. Baba akasema na wewe huna adabu. Wakaanza mstari mwingine.

Basi ikafika sherehe ya vinyago. Limoux, tangu Januari mpaka Machi, kila mwisho wa juma watu wanavaa vinyago, wanacheza polepole kuzunguka uwanja, mwanzi mrefu mkononi, bendi nyuma, vipande vya karatasi vinaruka kama pumba. Kazi ya kinyago ni kuchokoza. Anaingia mkahawani, anabadilisha sauti, anakuchomachoma na mwanzi na kukwambia mambo yako mbele za watu. Wewe humjui. Hata ukimjua, humjui. Kumtaja jina ni aibu, kukasirika ni aibu kubwa zaidi. Maneno ya kinyago hayana mwenyewe.

Jumapili moja ya Februari Fulcran alikuwa mkahawani chini ya matao, amekaa na jirani yake Sernin, mzee mnene aliyeng'oa mizabibu yake zamani na tangu hapo anashinda akila. Vinyago vikaingia. Kimoja kikaenda kwa mchinjaji.

"Bwana nyama, soseji zako zimejaa mkate. Tukitaka mkate, nyumba ya mwokaji tunaijua."

Mkahawa mzima ukacheka, mchinjaji mwenyewe akacheka na kukinunulia kinyago glasi. Kingine, cheupe, cha mashavu mekundu, kikaja moja kwa moja kwa Fulcran. Mwanzi kilikuwa kimeushika kwa mkono wa kushoto. Fulcran akauangalia ule mkono. Yeye ndiye aliyeufundisha kushika kijiko, akashindwa kuuhamishia kulia, akaacha.

"Fulcran wee," sauti ikatoka nyembamba kama ya kuku. "Unalinda nini huko kwako na mlango umeufunga?"

"Nalinda usingizi wa divai."

"Divai gani inayolala? Iko macho, inakula. Utamu uliobaki humo ni wa kulamba kidole."

Watu wakacheka. Sernin akacheka mpaka akakohoa.

"Nani kakupa habari hizo?" akauliza Fulcran.

"Panya wa ghalani."

"Basi mwambie huyo panya, pipa la watu haliguswi."

Wakacheka tena, sasa upande wa Fulcran, na hapo kwa desturi kinyago kilitakiwa kizunguke kiende meza nyingine. Hakikwenda. Mwanzi ukashuka mpaka ukagusa sakafu.

"Itieni chupani wiki hii. Msingoje mwezi," kikasema, na ile sauti ya kuku ikateleza. "Tafadhali."

Hilo tafadhali lilisemwa kwa sauti ya nyumbani. Fulcran alilisikia vizuri. Akainua glasi yake kama mtu anayemtakia mtu wa njia heri, akanywa, akamgeukia Sernin na kuanza habari ya trekta.

Alijua kila kitu pale pale. Alijua mtoto wake amechukua ufunguo msumarini akaingia ghalani, akaonja, na kwamba kwa uso mtupu asingeweza kusema, kwa sababu kusema ni kukiri amevunja sharti la nyumba. Ndiyo maana amevaa uso mwingine kuja kumwomba. Angeweza kwenda nyumbani, akafungua mlango, akaonja mwenyewe. Lakini akifungua, basi sharti amelivunja yeye. Na asipofungua, maneno yale si ya mtu. Ni ya kinyago, na ya kinyago hupita na bendi.

Alichagua yapite.

Kesho yake walikula pamoja, maharage na bata, chakula cha Josiane cha kulala motoni tangu asubuhi. Aymeric alikuwa na kipande cha karatasi ya waridi nyuma ya sikio. Josiane akamuuliza ngoma ilikuwaje, akasema nzuri. Akauliza walichokoza nani, akasema watu. Fulcran aliiangalia ile karatasi wakati wote wa mlo, mwisho akaomba apewe mkate.

Wiki zile, akipita uani, alisimama mlangoni pa ghala. Mara moja aliweka sikio. Ndani kulikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona na meno yamefungwa. Akajiambia ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Mwezi ukazeeka. Asubuhi ya kutia chupani wakaja Josiane, Aymeric, na Sernin aliyekuja kwa ajili ya chakula cha baadaye. Fulcran akafungua mlango mbele yao wote, akaenda kwenye pipa, akafungua koki, akatega kikombe. Akanywa.

Alisimama na ile divai mdomoni muda mrefu, kisha akaimeza. Ilikuwa kavu. Kavu kabisa, safi, nzuri hata, ila utamu wote ulikuwa umeliwa. Aymeric alikuwa akiangalia chupa tupu.

"Baba," akasema polepole, "tutie sukari. Kidogo, na chachu. Mapovu yatakuja."

"Solange Peyrat aliomba isiyotiwa kitu."

"Hatajua."

"Mimi je?"

"Wewe ulikuwa unajua tangu Februari," akasema Aymeric.

Josiane akageuka akamwangalia mumewe, halafu mtoto, akitafuta nini kimepita hapo bila yeye. Fulcran akakisuuza kikombe.

"Jazeni," akasema. "Pengine utamu umebaki kidogo chini."

Wakajaza. Sernin peke yake aliongea, habari za ini la bata. Chupa zikafungwa zikalazwa, na Fulcran akasema joto litaamua. Mkewe jioni hiyo alimwambia sikio la kufa halisikii dawa, akamwambia hivyo bila hasira, akimkunjia shati.

Mtu anaweza kuishi miezi na kitu anachokijua. Fulcran aliishi nacho Aprili, akaishi nacho Mei. Alipogoa machipukizi, akafunga matawi kwenye waya, akanyunyiza salfa. Mizabibu ilichanua vizuri mwaka ule, kama kumtania. Alifika mahali akaanza kutumaini kweli, maana matumaini ni kama magugu, hayaombi maji. Chupa moja alipoigeuza kwenye mwanga aliona tone la hewa likipanda. Tone moja. Akaiweka chini kwa mikono miwili.

Solange Peyrat alikuja Julai, na gari jeupe na kofia ya majani. Josiane alikuwa ameweka meza uani, kitambaa cha harusi, jibini na zeituni. Aymeric alikuwa kazini, au alisema yuko kazini. Wakasalimiana kwa mashavu. Yule mama akasema amewaambia wateja wake wote, wanamuuliza kila wiki, na kwamba ameitolea rafu yake dukani, ile ya karibu na mlango.

Fulcran akachukua chupa. Akakata uzi, akashika kizibo, akasubiri kile kisukumo anachokijua kiganja chake tangu utotoni, chupa inapotaka kukunyang'anya kizibo. Kiganja hakikusukumwa. Ikabidi avute. Kizibo kikatoka kama kinavyotoka kwenye chupa ya siki.

Akamimina. Glasi ikajaa, ikatulia. Walikuwa watatu wanaiangalia glasi kama wazazi wanaomwangalia mtoto aliyekataa kuamkia wageni.

Solange Peyrat akanywa. Alikuwa mtu mwenye heshima, akanywa tena.

"Ni divai nzuri, Fulcran."

"Najua."

"Nzuri sana. Ningekuwa nauza divai tulivu ningechukua. Lakini nimewaahidi mapovu." Akazungusha glasi. "Chupa zote ziko hivi?"

Hapo angeweza kusema hapana, tufungue nyingine. Josiane alikuwa ameshasogeza mkono kwenye chupa ya pili.

"Zote," akasema Fulcran.

Mama yule akaweka glasi mezani. Akasema ni hali ya hewa, kila mahali ni hali ya hewa, kuna jamaa yake milimani naye yamemkuta. Akasema tutaona mwakani, kwa sauti ile watu wanayotumia hospitalini. Alikula zeituni, akasifu jibini, akabeba chupa mbili kwa adabu akazilipia ijapokuwa walimkatalia. Gari likateremka bondeni. Fulcran alisimama akihesabu kona moyoni, mpaka vumbi likatulia kwenye ile ya mwisho.

Divai haikuwa na jina tena. Bila mapovu haiwezi kuitwa blanquette, na divai isiyo na jina haina bei. Ikaenda kuchemshwa iwe spiriti, yote, pamoja na chupa alizokuwa ameziweka kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu ambaye hajazaliwa.

Aymeric hakumsuta. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikuja Septemba, mizigo iko garini, akamkumbatia mama yake, kisha akasimama mbele ya baba yake mlangoni.

"Ungeniambia wazi," akasema Fulcran. "Uso mtupu. Ungekuja ukaniambia, baba nimeingia, nimeonja."

"Ungefanya nini?"

Fulcran akafikiri kwa uaminifu, kwa sababu lilikuwa swali la haki.

"Ningekufukuza ghalani."

"Halafu ungengoja mwezi."

"Halafu ningengoja mwezi."

Kijana akatikisa kichwa, akacheka kidogo puani, na kicheko kile kilikuwa cha baba yake kabisa. Akambusu mashavuni, akaingia garini. Kila Jumamosi anapiga simu. Anaongea na mama yake. Baba akipewa simu wanaulizana kama mvua imenyesha huko, na imenyesha kote au haijanyesha kote, na simu inarudi kwa Josiane.

Mavuno yale hakuyavuna. Aliwaachia ndege. Watu wakapita barabarani wakaona zabibu zimening'inia mpaka Oktoba, njano, zimekunjamana, na hakuna aliyethubutu kusema neno. Sernin peke yake alisema, akasema inanuka siki mpaka kwake.

Mashine ya kung'oa ilikuja baada ya Krismasi. Dereva alikuwa mgeni, mtu wa upande wa baharini, kijana mpole mwenye skafu. Akamuuliza Fulcran kama kuna mawe makubwa. Fulcran akamwambia yako wapi, moja baada ya jingine, maana aliyajua kama mtu anavyojua meno yake. Kisha akarudi nyumbani. Kelele ilisikika mpaka jikoni. Josiane aliwasha redio, akaizima, akaiwasha.

Kufika Jumatano mteremko ulikuwa udongo mtupu, na mashina yamerundikwa pembeni, meusi, yamepindapinda kama watu waliolala vibaya. Serikali ilitaka yachomwe. Lakini kila mtu Limoux anajua makaa ya shina la mzabibu mkuukuu hayana mfano kwa kuchomea nyama. Basi Sernin akaja na tela lake dogo, akasimama uani, kofia mkononi.

"Rafiki yangu, nisikudanganye," akasema. "Nimekuja kuomba yale mashina."

"Chukua."

"Yote?"

"Unataka niyafanye nini, niyapande?"

Sernin akapakia alasiri nzima, na Fulcran akamsaidia kuyainua, kwa sababu mgongo wa Sernin ulikuwa mbaya. Mengine yalikuwa na alama za mkasi za watu watatu, moja juu ya nyingine. Fulcran hakuyatazama sana. Alikuwa akishika, anarusha, anashika.

Jumapili Sernin akawaalika. Wakaenda, Josiane amebeba keki. Soseji zilikuwa juu ya makaa uani, zile ndefu za kuzungushwa kama kamba, na makaa yalikuwa mekundu bila moshi, yanatoa joto la taratibu, la kudumu, kama yalivyosifiwa siku zote. Sernin alifungua crémant ya ushirika. Ilipiga kelele vizuri, mapovu yakapanda. Wakagongesha glasi.

"Eh?" akasema Sernin, mdomo umejaa. "Si nilikwambia? Makaa ya mauzac. Huwezi kupata haya dukani."

Fulcran akatafuna taratibu. Akachukua kipande kingine, akakiweka kwenye mkate.

"Chumvi imezidi," akasema, akaendelea kula.